Mtoto Aliyeitwa Baba

Siku hizi kila mzazi wa Nakuru amekuwa daktari. Mtoto akipita mtihani, utamsikia mama yake dukani, sukari ikipimwa, akisema, "Hizo ni jeni za kwetu." Mtoto akianguka, jeni ni za upande ule mwingine. Neno lenyewe ni geni, lakini huo upumbavu naujua, tulikaa nao mstari mmoja wa nyumba. Zamani uliitwa gredi, na aliyetuletea shambani alikuwa Naftaly Thuo, mchunga fahali.

Acha niwaeleze habari zake. Nilisoma mpaka darasa la nne, wakati darasa la nne lilikuwa darasa kweli, na kichwa changu hakijamwaga kitu.

Shamba letu lilikuwa juu, kati ya Molo na Kuresoi, mahali ambapo umande ukikauka mvua inaanza. Kulikuwa na pareto na ng'ombe wa maziwa. Bwana mwenye shamba tulimwita Kiko, kwa sababu hatukuwahi kumwona mdomo bila kiko. Naftaly alikuwa mfupi, na alivaa koti kuukuu la Bwana, koti ambalo kwa Bwana lilifika kiunoni na kwake lilifika magotini. Alitembea kifua mbele kama mtu anayesukuma mlango. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumwangalia fahali anayeitwa Meja, mweupe mwenye mabaka mekundu, aliyekuja na meli kutoka Ulaya.

Meja alikuja na ukoo wake umeandikwa. Naftaly hakujua kusoma, lakini alimsikia Bwana akiwasomea wageni mara nyingi mpaka akaushika kwa moyo. "Meja, mwana wa Jenerali, Jenerali mwana wa Kapteni wa Pili, Kapteni mwana wa Kapteni wa Kwanza," alisema, kwa sauti ya anayesoma ukoo wa Yesu katika Mathayo mlango wa kwanza. Sisi tuliona cheo kikipanda na kushuka bila mpango, lakini tulinyamaza. Ukimuuliza baba wa babu yake yeye Naftaly aliitwa nani, alikohoa, akasema, "Alikuwa mtu mkubwa."

Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Emajensi ya Mau Mau, malori yalikuja kutubeba sisi Wakikuyu kuturudisha rizavu, kwetu Kikuyuni. Naftaly naye akapandishwa. Meja aliposhikwa na mkono mwingine alivunja ua, akaingia katikati ya pareto, akasimama hapo akinguruma, na hakuna mwanaume aliyemkaribia. Bwana Kiko alilifuata lori kwa gari lake mpaka Sachangwan, akamshusha Naftaly peke yake. Sisi wengine tulirudi baadaye, mmoja mmoja, kila mtu na kibali chake na aibu yake. Tangu nizaliwe sijaona mtu mwingine aliyewekewa dhamana na ng'ombe.

Kutoka siku hiyo Naftaly alimheshimu fahali kuliko kanisa. Akaanza kuhubiri. Watu, alisema, ni kama mifugo, kuna wa gredi, mbegu bora ya Ulaya, na kuna wa kienyeji. Akili ni damu, na damu inatoka kwa dume. "Fahali mjinga hazai ndama mwerevu. Mlishe utakavyo, kienyeji ni kienyeji." Yeye mwenyewe alikuwa upande gani, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Mke wake wa kwanza alikufa akamwachia kijana mchanga, Karanja. Baadaye Naftaly akamuoa Wachuka, mjane aliyekuja na msichana wake, Mugure. Mume wa Wachuka alikuwa Wanyoike, fundi wa mbao, aliyechukuliwa na malori yale yale na hakurudi. Naftaly alimuoa kwa sababu alitaka mtu wa kumpikia mtoto, na Wachuka alikubali kwa sababu alitaka kibali cha kukaa shambani. Ndoa nyingi za kanisani nimeona zikianza na sababu mbaya zaidi.

Sasa mjue desturi yetu. Kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, yule aliyemzaa baba yake. Na kwa mapenzi, mzazi humwita huyo mtoto "baba." Ni utani mtamu, kila nyumba inao. Lakini utani una ukuta wake. Binti yangu wa pili ana jina la mama yangu mzazi, na mimi nilimwita "mama" asubuhi, nikamchapa mchana.

Naftaly hakuona huo ukuta. Karanja alikuwa na jina la baba yake, basi Karanja alikuwa baba yake amerudi, na damu ile ya gredi yote imerudi naye. Hakuruhusu mtu amwite kijana jina lake. Hakuruhusu atumwe. Siku moja nilikuwa pale jikoni Wachuka aliposema, "Karanja, niletee kuni."

Naftaly aliruka kama aliyekanyaga moto. "Umemtuma nani? Huyo ni baba yangu! Wewe ungemtuma baba mkwe wako kuni?"

"Kama baba mkwe wangu angekuwa amekaa hapa akinusa sufuria, ningemtuma," Wachuka akasema.

"Fahali hafungwi jembe, Mama Mugure."

"Sawa. Mugure, lete kuni."

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Sisi majirani tulimwita Naftaly "Baba Karanja," naye alimwita Karanja "Baba," kwa hivyo nyumba ile ilikuwa na baba wawili na mtu mzima mmoja, naye ni Wachuka.

Kijana alikaa kwenye kigoda chenye mgongo. Alikunywa maziwa mazito, yaliyo na malai yake yote. Mugure alikunywa yale membamba yaliyopita kwa mashine ya kutoa malai, ambayo nguruwe wa Memsahebu, mke wa Bwana, walikuwa wakiyaacha. Hakuna mtu aliyemuuliza Karanja kitu, maana nani anamuuliza babake saba na tano ni ngapi? Akisema mbuzi ana miguu mitatu, Naftaly alicheka kwa furaha, "Mzee ana mafumbo!" Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mpole, macho makubwa, na alionekana kila wakati kama mtu anayengoja kuamshwa.

Mugure alikuwa mbioni kutwa. Mugure, kimbia stoo uulize kama posho imefika. Mugure, ni mikebe mingapi ya maziwa imeenda kwa lori, na mingapi imerudi, na ile nyingine iko wapi? Mugure, mwambie Mama Wangui maneno haya, usipunguze na usiongeze. Akifika kwangu alisimama wima, akayatoa yote, hata pale mama yake alipokohoa. Na Wachuka hakuwa mtu wa kunyamaza akifanya kazi. Akiambua mbaazi alitega vitendawili, na msichana akishindwa hakumpa jibu. "Fikiria," alimwambia, "maji bado hayajachemka."

Wote wawili walienda shule ndogo ya shambani, iliyoishia darasa la pili. Naftaly alimwonya mwalimu wa pale asimuulize Karanja maswali mbele ya watu. Mugure ndiye aliyebeba kibao cha kuandikia cha kaka yake, na njiani akamwandikia majibu pia, ili wasichelewe wakimngoja. Kwa hivyo kibao cha Karanja kilikuwa na akili sana. Naftaly alizunguka nacho mstari mzima wa nyumba. "Ona! Ona damu!" Na mimi niliona. Niliona mwandiko wa Mugure, ile nane yake yenye kichwa kidogo na tumbo kubwa, lakini mama yake alinikanyaga mguu.

Mwaka wa hamsini na nane Meja alienda maonyesho ya Nakuru, akarudi na utepe wa ushindi. Memsahebu alifurahi mpaka akamwahidi Naftaly kitanda katika shule ya misheni, ile ya kulala, upande wa pili wa Molo. Kitanda kimoja, cha mtoto mmoja wa nyumba yake.

Wachuka alinipata kwenye pareto, akainama kuchuma karibu yangu.

"Mama Wangui, umesikia?"

"Nimesikia."

"Januari Mugure ataletwa hapa. Nyapara ameshaniuliza kama mikono yake ni myepesi."

Msichana akiingia kwenye pareto hakutoka humo ila kwa kuolewa, na akiolewa alirudi humo humo na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa na wangu mgongoni wakati huo nikimsikiliza.

Alijaribu kwa njia nzuri. Alimpikia Naftaly viazi na mahindi vile anavyopenda, akamwambia, "Baba Karanja, wapeleke wote wawili waulizwe maswali, mwalimu achague."

"Achague nini?" Naftaly akasema na mdomo umejaa. "Hakuna mtu anapeleka mtamba wa kienyeji kwenye maonyesho."

"Ni mtoto, si mtamba."

"Baba yake alikuwa fundi wa viti. Atarithi nini, msumari?"

Hata Kimaiyo alijaribu. Huyo alikuwa Mkipsigis aliyelisha ndama, na mdomo wake ulikuwa mkali kama upupu. Alimwita Naftaly kwenye kibanda, tukafuata sisi wenye mikebe. Alimwonyesha ndama aliyelala penye maji, tumbo kama ngoma, miguu kama njiti, manyoya yamesimama.

"Mzee wa gredi, huyu ni wa wapi?"

Naftaly hakuinama hata. "Huyo ni kienyeji. Ona mgongo."

"Huyu ni mwana wa Meja," Kimaiyo akasema. "Meja mwana wa Jenerali. Mama yake alikufa wakati mimi nilikuwa mgonjwa, akapewa maziwa ya mashine na tope la kulalia. Nafikiri hakuna aliyeliambia tumbo lake kwamba baba yake alikuja na meli."

Tulicheka, mikebe ikagongana. Naftaly alimwangalia ndama, akamwangalia Kimaiyo. "Kumbe unaiba maziwa," akasema, akaondoka kifua mbele.

Mtu huyo aliwaelewa sana ng'ombe. Kitu chochote kilichotembea kwa miguu miwili kilimshinda.

Siku ya kwenda misheni walipanda lori la maziwa. Naftaly alikuwa na koti lake, Karanja na kaptula mpya yenye makunyanzi ya dukani. Mugure alichukuliwa kwa sababu moja, kubeba sanduku, maana "baba" hawezi kubeba. Wachuka alisema anaenda kushughulikia mambo ya matandiko. Mimi niliomba nafasi kwa sababu mtoto wangu alikuwa na kikohozi na misheni ilikuwa na dispensari. Hiyo ndiyo sababu niliyompa dereva.

Wazazi wa mashamba mengine walikuwa wameshajaa kwenye veranda, kila mmoja na mtoto wake amepakwa mafuta. Mwalimu mkuu, Jonah, alikuwa amekaa mezani mlangoni, mtu mwembamba wa suruali fupi na soksi ndefu. Mugure alisimama nyuma yetu, kamba ya sanduku kwenye paji la uso.

"Kijana, karibu. Unaitwa nani?"

Karanja alifikiria. "Baba," akasema.

Mwalimu aliinua kichwa. "Baba nani?"

"Baba tu."

Veranda nzima ilikufa kwa kicheko. Mzee mmoja wa kutoka upande wa Njoro alishika nguzo ili asianguke. "Shikamoo, Baba!" akamwamkia, na watu wakaanza upya. Karanja alimwitikia vizuri kabisa, "Marahaba," kwa sababu hiyo salamu alikuwa ameizoea.

"Mwalimu," Naftaly akasema, jasho limeanza, "huyu ni mtoto wa kufikiria. Dume la gredi halikimbii ovyo."

"Sawa, mzee. Kijana, sikiliza. Ng'ombe ni kumi na wawili. Wanne wamekauka. Unakamua wangapi?"

Karanja aligeuka polepole, akamwangalia Mugure, kama vile wewe unavyogeuka kuangalia saa ukutani.

Mwalimu akafuata macho yake. "Wewe wa sanduku, mbona midomo inatembea? Unatafuna nini?"

"Sitafuni, mwalimu. Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Yeye aseme kwanza. Nyumbani yeye huanza, mimi namalizia."

"Leo anza wewe."

"Wanane," Mugure akasema. "Lakini kama kuna mwenye ndama mdogo, mwalimu, huyo huwezi kummaliza. Unamwachia titi moja. Na jina lake ni Karanja wa Thuo, ana miaka kumi, lakini ukimwita hivyo hatajua ni yeye."

Mwalimu Jonah aliweka kalamu chini. Alimuuliza kingine, na kingine, akampa kitabu asome, akasoma na sanduku bado mgongoni, hakuna aliyekumbuka kumtua. Mwisho mwalimu akasema, "Mzee Naftaly, nafasi ni ya nyumba yako na kitanda ni kimoja. Kijana arudi nyumbani mwaka mmoja, aitwe jina lake, halafu umlete. Msichana abaki."

"Haiwezekani!" Naftaly akasema. "Utepe ni wa Meja, na Meja ni kazi yangu. Huyo msichana si…"

Akakwama hapo. Na ni hapo Wachuka alipoingia. Tangu aolewe na Naftaly, hatukuwa tumesikia jina la marehemu kinywani mwake, hata kwa kusahau. Sasa alilitamka kwa sauti ya kanisani, polepole, kila mtu asikie.

"Ni kweli, mwalimu. Anataka kusema si damu yake. Mtoto ni wa Wanyoike, mume wangu wa kwanza, fundi wa mbao. Kichwa hicho ni cha Wanyoike. Mume wangu huyu hapa amenifundisha mwenyewe kwamba akili inatoka kwa dume. Nyumbani kwake hakuna mtu anayeweza kujisifu nacho."

Yule mzee wa Njoro aliacha kucheka, akamgeukia Naftaly kwa huruma, na huruma ilikuwa mbaya zaidi. "Pole, ndugu yangu. Kumbe gredi alikuwa yule fundi?"

Nilimwangalia Naftaly usoni. Nilifikiri atalia, au atampiga mtu. Macho yalimwendea Karanja, yakamwendea Mugure, yakapita kwa wazee wote wa veranda. Halafu kifua kikarudi mbele.

"Wanyoike!" akasema. "Wanyoike alimfanyia nini huyu mtoto? Alimwacha mdogo! Amekula kwa nani? Amelala kwa nani? Amefundishwa kuhesabu mikebe ya nani? Mtoto ni maziwa, jamani! Mtoto ni malezi! Hata fahali aje na meli, ukimnyima chakula utapata nini? Ngozi! Muulizeni Kimaiyo. Huyu nimemlea mimi. Mwalimu, andika Mugure Thuo!"

Mimi nilijishika mdomo. Maziwa! Yale ambayo nguruwe walikataa!

Wachuka hakucheka. Mwalimu alipoandika Thuo, nilimwona akifunga macho kidogo, akayafungua. Jina la Wanyoike lilikuwa limetajwa hadharani mara moja baada ya miaka yote hiyo, na kabla halijapoa mahali pake pameshachukuliwa na jina lingine. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, na hakuniambia neno juu yake hata tulipozeeka. Alifungua sanduku. Juu kulikuwa na kaptula za Karanja, akazitoa. Chini kulikuwa na magauni mawili ya Mugure, ambayo mimi ndiye niliyeyashona.

Mugure alikuja kuwa nesi, akastaafu akiwa mkubwa wa wodi. Naftaly alipozeeka, baada ya Uhuru, alihubiri malezi kwa kila aliyekaa karibu naye, na ukimkumbusha habari za damu alisema hayo yalikuwa maneno ya Wazungu. Ukiniuliza mimi, sijui akili inatoka wapi. Karanja huenda alizaliwa nayo na huenda hakuzaliwa nayo, lakini nani alikuwa amewahi kugonga mlango wake kuangalia kama iko ndani?

Jioni ile tulirudi na lori lile lile, mikebe mitupu inalia. Tulipofika lango la shamba, dereva akasimama, na kama kawaida Naftaly akainuka kushuka kufungua.

"Kaa," Wachuka akamwambia. "Umesema mtoto ni malezi. Watu wamesikia mpaka Njoro." Akamgusa kijana begani. "Karanja, shuka ufungue."

Kijana hakusogea.

"Karanja ni wewe," akamwambia.

Alishuka. Lango lilikuwa na mnyororo uliozungushwa mara mbili kwenye mti, na ndoano iliyoangalia chini. Alivuta upande usiofaa. Akavuta tena. Dereva akapiga honi. Naftaly alikuwa amesimama nusu, mkono kwenye ubavu wa lori, na mdomo wake ukaanza, "Baba, zungusha…"

"Wee nyamaza," Wachuka akasema. "Karanja! Huo mnyororo umeanzia wapi?"

Akasimama. Akauangalia kwa muda mrefu, kichwa upande mmoja, mvua imeanza kumnyeshea ile kaptula mpya. Dereva akapiga honi tena, naye hakushtuka. Halafu akashika ile ndoano, akaisukuma juu badala ya kuivuta, mnyororo ukafunguka, na lango zito la Bwana Kiko likaenda lenyewe kwa mteremko, naye amening'inia juu yake akipiga kelele ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia kwake.